Ushauri: kilo 112, kisukari na presha. Afanyiwe slivu au baipasi?

Mtaa wa Pili

Habari za muda huu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoujua upasuaji wa kupunguza uzito. Mhusika ni dada yangu, miaka 38, urefu sm 162, uzito kilo 112. Kisukari aina ya pili kina miaka sita sasa, na sukari ya miezi mitatu (HbA1c) imesoma 8.9. Anatumia metformini na glibenklamidi, na kwa presha losatani na hidroklorothiazidi. Anakoroma sana, na kiungulia kinamsumbua karibu kila usiku. Daktari kamwambia achague slivu (kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula) au baipasi (chakula kurukishwa sehemu ya tumbo na utumbo). Je, faida kiafya ni za kweli au ni urembo tu? Kipi kinamfaa? Na nini huharibika baadaye? Wa "aache ugali atembee" wapite tu, hayo yalishafanyika.

Bi Mizani

Tuanze na hesabu. Chukua 112, gawa kwa 1.62 mara mbili, unapata 42.7, ndio uwiano wa uzito na urefu (BMI). Ili mtu apasuliwe, mwongozo wa Marekani wa 1991 ulitaka 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Dada yako anaingia kwa mlango wowote.

Urembo hapana. Sweden walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliopitiliza, nusu wakapasuliwa na nusu wakabaki na matibabu ya kawaida. Baada ya wastani wa karibu miaka 11, hatari ya kufa kwa waliopasuliwa ilikuwa pungufu kwa 29%, umri na hatari nyingine zikishasawazishwa. Lakini soma na upande wa pili: kati ya waliokuwa na kisukari, 72% kilikuwa kimetulia baada ya miaka miwili, na kufikia mwaka wa kumi ni 36% tu. Kisukari hurudi. Hata hivyo miaka kumi ya sukari nzuri ni figo, macho na miguu iliyopona.

Utafiti mwingine wa Cleveland, Marekani, uligawa wagonjwa 150 wa kisukari mafungu matatu. Baada ya miaka mitano, waliofika HbA1c ya 6.0 au chini walikuwa 5% kwa dawa pekee, 23% kwa slivu na 29% kwa baipasi. Kwa dada, miaka sita bila insulini ni dalili njema. Kadiri kisukari kinavyozeeka, kongosho huchoka na upasuaji hukuta hakuna cha kuokoa.

Sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kilo hazijapungua bado. Chakula kikifika haraka chini ya utumbo mwembamba, homoni ya GLP-1 hutoka kwa wingi na kuiamsha insulini. Ndiyo hiyo inayoigwa na sindano za semaglutide.

Zamu ya Usiku

Kwenye uchaguzi, neno zito katika bandiko lako ni "kiungulia".

Slivu wanakata karibu 80% ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa homoni nyingi ya njaa, ghrelini. Tatizo ni kwamba mrija huo una presha kubwa ndani, kwa hiyo tindikali hupanda. Mwenye kiungulia cha kila usiku anaweza kutoka kwenye slivu na hali mbaya kuliko alivyoingia, na wapo wanaorudishwa tena chumba cha upasuaji kubadilishiwa kuwa baipasi.

Baipasi wanatengeneza kijifuko cha takribani ml 30 juu kabisa, wanakiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, na tumbo lililobaki linaachwa ndani likiendelea kutoa majimaji yake. Tindikali haipandi, sukari hushuka zaidi, na uzito hupungua kama 25 hadi 30% badala ya 20 hadi 25. Gharama yake ni vitamini maisha yote na hatari ya utumbo kujisokota hata miaka baadaye. Kwa maelezo haya mimi naegemea baipasi, lakini kwanza endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni), waangalie ngiri ya kiwambo (tumbo kupanda kifuani) na bakteria wa vidonda (H. pylori). Wakikutwa watibiwe kabla.

Kukoroma nako kupimwe usingizini kabla ya nusu kaputi. Kama pumzi inakatika usiku, timu ya dawa za usingizi lazima ijue.

Ndimu Kavu

Kwa nini akatwe? Kuna puto la kuwekwa tumboni, halina kisu. Hata Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanaweka.

Zamu ya Usiku

Mkuu, puto hukaa tumboni miezi sita kwa aina nyingi, kisha linatolewa. Hupunguza kama 10% ya uzito na likitoka kilo nyingi hurudi. Linamfaa anayehitaji kushuka kidogo, au mzito sana anayeandaliwa kwa upasuaji. Kwa HbA1c ya 8.9 na uwiano wa 42.7 ni kununua muda.

Mtaa wa Pili

Asanteni, nimeelewa. Chakula na dawa zinakuwaje?

Mama Uji

Wiki mbili kabla, kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo. Lengo ni kulisinyaza ini: lenye mafuta hufunika tumbo na daktari hapati nafasi ya kufanya kazi kupitia matundu madogo ya upasuaji. Hapa glibenklamidi ni hatari, maana chakula kimepungua na dawa inaendelea kusukuma sukari chini. Aulize ni siku gani aiache, asisubiri jasho na kutetemeka. Hidroklorothiazidi nayo huwa inasimamishwa, kwa sababu baada ya upasuaji adui mkubwa ni kukaukiwa maji.

Baadaye: siku moja mbili maji na supu iliyochujwa. Mpaka mwisho wa wiki ya pili, maziwa, mtindi, uji mwepesi usio na sukari. Wiki ya tatu na ya nne vitu vilivyosagwa: samaki wa kuchemsha, maharage yaliyopondwa, yai laini. Kisha vyakula laini hadi wiki ya sita, ndipo vya kawaida. Nyama choma, chapati na ugali mgumu vije mwisho, ndivyo vinavyokwama. Protini gramu 60 hadi 80 kila siku, ianze kabla ya kitu kingine sahanini. Maji lita moja na nusu, kwa mafunda madogo, si pamoja na chakula. Asubiri nusu saa.

Na kwa baipasi, juisi ya miwa au soda humwagika utumboni kwa mkupuo. Ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linakata, kuhara. Si sumu, ni sukari.

Kisima cha Kale

Mimi naongezea yanayoharibika, maana mengi hutokea mtaani, si hospitali ya upasuaji.

Wiki ya kwanza, mapigo ya moyo yakizidi 120, homa, au maumivu yanayopanda bega la kushoto: mshono unavuja. Arudi kwa waliompasua siku hiyohiyo, asimeze dawa ya gesi.

Akitapika siku kadhaa mfululizo, vitamini B1 huisha mwilini. Zahanati ikimtundikia dripu ya glukosi bila kumpa thiamini kwanza, ubongo unaweza kuumia: macho kucheza, kuyumba, kuchanganyikiwa. Aandike kwenye karatasi "thiamini kabla ya glukosi", aiweke kwenye pochi. Kwenye karatasi hiyohiyo: hakuna diklofenaki, hakuna ibuprofeni, hata ya sindano. Ndizo huleta kidonda kwenye maungio ya baipasi, na sigara hukiongeza. Maumivu ni parasetamoli.

Uzito ukishuka haraka mawe ya nyongo hujitengeneza, ndiyo maana wengi huandikiwa dawa ya ursodeoksikoli kwa miezi sita. Nywele hunyonyoka mwezi wa tatu hadi wa sita, huota tena kama protini na chuma vipo.

Kila siku: multivitamini, chuma mg 45 hadi 60 kwa mwanamke anayeona siku zake, kalsiamu mg 1,200 hadi 1,500 kwa mafungu, vitamini D, na B12 ya kidonge au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Chuma na kalsiamu vitofautiane saa mbili, vikienda pamoja vinagombana.

Mtaa wa Pili

Swali la mwisho. Anatamani mtoto, na Ramadhani hufunga.

Bi Mizani

Mimba asubiri miezi 12 hadi 18, na asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi, havifyonzwi vya kuaminika. Kipandikizi au kitanzi. Hapa wengi hushikwa: unene ukipungua mayai huanza kutoka ipasavyo, na aliyezoea kutoshika mimba anashika mwezi wa nne.

Kufunga, mwaka wa kwanza hapana, lita moja na nusu kwa mafunda madogo haiingii kati ya futari na daku. Baada ya hapo apime damu na figo, azungumze na daktari wake kabla ya Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi.