PC inaganda nikirenda video, gemu haina shida, tatizo prosesa au RAM?

kibodi_mbovu
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijaibomoa hii mashine. Prosesa ni i5-9600K, wiki mbili zilizopita nikaiovakloki (kuipandisha spidi kuliko ya kiwandani) hadi 5.0GHz kori zote 6, kizidisho cha spidi 50, volti nimefunga 1.30 kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi). Nikapiga Cinebench, programu ya kupima prosesa, mara tatu ikapita bila kelele nikajua nimemaliza, gemu nacheza hata masaa manne fresh tu. Tabu inakuja nikirenda video (kuichakata itoke faili kamili), ikifika dakika ya 20 au 25 hivi skrini inaganda, sauti inakwama inatoa mlio mmoja kama nzi kwenye chupa, halafu skrini ya bluu CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Juzi ikaja WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Jana haikusema kitu, ikajizima na kujiwasha. Nimeshapiga Windows upya na draiva zote mpya, wapi. RAM ni DDR4 ya 3200, XMP (ya kuipandisha RAM spidi) imewashwa. Joto halipiti 78. Nianzie wapi?

mzee_wa_hitisinki
Mkuu Windows umeionea bure. Hizo kodi mbili kwenye mashine iliyoovaklokiwa mara nyingi ni prosesa inalia volti hazitoshi. Hiyo ya kwanza maana yake kori moja imeitwa na haikuitika, mfumo ukasubiri mpaka ukachoka. Fungua Event Viewer (kumbukumbu za Windows) utafute WHEA-Logger, makosa ya vifaa, pia washa HWiNFO ya kusoma vipimo uangalie Vcore, yaani volti za prosesa, wakati inarenda, sio wakati imekaa tu.

bit_iliyopotea
Mi nahisi pawa saplai, kuzima bila skrini ya bluu si dalili nzuri.

mzee_wa_hitisinki
Inawezekana, ila pawa saplai ndo ingewahi kufa kwenye gemu maana huko kadi ya video nayo inakula umeme. Huyu gemu zinapita.

nusu_volti
Kabla hamjafika mbali, kaka unajaribu vitu viwili kwa mpigo. XMP nayo ni ovakloku, watu wanasahau, RAM ikisumbua italeta skrini za bluu hizo hizo na utakesha unaongeza volti za prosesa bure. Rudisha BIOS yote default, renda video ile ile. Ikianguka hapo ovakloku haina kesi. Ikipita washa XMP peke yake, upige MemTest86 ya kupima RAM usiku kucha, ndo urudi kwenye prosesa. Inachosha najua.

kibodi_mbovu
Nimerudi wakuu. Default nimerenda mara mbili imepita, XMP peke yake nayo imepita, MemTest86 haina kosa hata moja. Nikarudisha 5.0 nikaangalia kama mlivyosema: WHEA-Logger Event 19 zipo 14, zote Internal parity error na zote APIC ID 8, yaani kori ile ile. Halafu Vcore, mashine ikiwa imekaa inasoma 1.296, nikianza kurenda inashuka 1.216. Sasa BIOS nimeweka 1.30 hizo nyingine zinaenda wapi???

mzee_wa_hitisinki
Haziibwi haha. Hiyo ndo vdroop, prosesa ikivuta umeme mwingi volti zinashuka, na imetengenezwa hivyo makusudi. Event 19 ni makosa ambayo prosesa imewahi kuyarekebisha yenyewe, kwa hiyo ulikuwa unaonywa muda wote. Hiyo kori ndo dhaifu kuliko wenzake na ndo itakayokupangia spidi.

Na sababu ya gemu kupita ni kwamba kurenda kunatumia maelekezo ya AVX, yale ya hesabu nzito, hayo yanaisukuma prosesa kuliko gemu. Cinebench tatu ni dakika chache tu, hapo hujapima kitu. Ingia BIOS utafute Load Line Calibration (LLC), inayopunguza huko kushuka kwa volti, uweke ya kati. USIWEKE ya juu kabisa, mzigo ukiachiwa ghafla volti zinaruka kupita ulichoweka na HWiNFO haitakuonyesha maana ni kitu cha mikrosekunde. Soma na kitabu cha mazabodi yako, kuna wanaohesabu 1 ndo kali na kuna wanaohesabu 8. Kisha ama AVX offset uweke 2 (kizidisho kishuke mbili AVX ikitumika), ama shusha kizidisho kiwe 48 uishi kwa amani. Pima na Prime95 small FFT, jaribio zito la prosesa, joto likikaribia 95 simamisha, hiyo prosesa mwisho wake ni 100.

nusu_volti
Ongeza sfc /scannow ya kukagua mafaili ya Windows, mashine inayokosea hesabu huwa inaandika takataka kwenye diski pia.

kibodi_mbovu
Aisee sfc imekuta mafaili mabovu na imeyarekebisha, na hiyo Windows nimeipiga juzi tu, kumbe niliipiga 5.0 ikiwa imewashwa. Projekti moja ya video nayo haifunguki, bahati nina kopi ya zamani.

Sasa hivi ni 4.8, BIOS 1.29, LLC ya kati, ikielemewa inasoma 1.264. Prime95 masaa mawili imefika 86, Event 19 hakuna hata moja. Nimerenda ile video ya saa nzima nikiwa nimekaa naitazama kama naogopa itatoroka, imemaliza.

bit_iliyopotea
Jaribu 4.9 basi

kibodi_mbovu
Sithubutu. Kwenye gemu hata hiyo 5.0 sikuwahi kuona tofauti.