Naomba msaada: hili neno "bank" la Kiingereza lina maana ngapi?

MwanaKadutu
Jambo wakubwa. Niko najiandaa kwa jaribio la tafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa kazi ya misaada hapa Bukavu. Katika karatasi za mazoezi, neno bank linanimaliza. Ukurasa mmoja tu: wakimbizi wako "left bank" ya mto, hospitali imeishiwa kwenye "blood bank", wakulima "bank on" mvua ya Septemba, halafu ndege nayo ina-"bank" kabla ya kutua Kavumu! Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunajua banque ni benki, basi. Haya mengine yametoka wapi? Nikariri tu?

Yaya_Ibanda
Usikariri, mdogo wangu. Mzizi ni mmoja, ila ulifika Uingereza kwa njia mbili.

Lugha za kale za jamii ya Kijerumani zilikuwa na neno la kitu kilichoinuka kwa urefu, kama tuta au benchi. Wataliano wakalichukua, wakaita banca ile meza ya wabadilisha fedha. Pita mtaa wa Nyawera hapa Bukavu uwaangalie wakambiste, wabadilisha fedha wetu: kameza kadogo, mabunda ya franga yamefungwa kwa elastiki, mwenyewe kwenye kiti cha plastiki. Banca ndiyo hiyo. Ikapita Ufaransa ikawa banque, Waingereza wakaipokea karne ya 15. Bank of England inafunguliwa mwaka 1694, nani bado anakumbuka meza?

Njia ya pili ni watu wa Skandinavia. Wao walileta maana ya tuta la udongo, ndiyo ikawa ukingo wa mto. Hiyo iliingia mapema zaidi kuliko ya fedha.

Kambiste_243
Kumbe sisi ndio baba zao! Mbona basi wakija kutufukuza barabarani hawatuamkii? 😂
Na bankrupt je?

Mwalimu_Bagira
Bankrupt, yaani aliyefilisika, ni banca rotta ya Kitaliano, meza iliyovunjika. Kifaransa banqueroute. Wanasimulia kwamba mbadilisha fedha aliyeshindwa kulipa walimvunjia meza yake sokoni. Hadithi tamu, lakini mimi siwezi kuiapia.

Naongeza kwa Yaya: Wajerumani hadi leo wanasema Bank kwa benchi na Bank kwa benki. Zinaachana kwenye wingi tu, Bänke na Banken. Na sisi darasani tulikalia nini kama si banc, benchi ya Kifaransa?

Sasa MwanaKadutu, kwenye jaribio angalia neno limekaa na nani. Likikaa na mto, ni ukingo. Likikaa na damu, ni benki ya damu, kwa maana ya akiba. "Bank on" ni kutegemea, tena kwa uhakika. Ndege iki-"bank" imelalia ubavu ili ikate kona. Na West Bank ni Ukingo wa Magharibi, wa mto Yordani. Nimeshaona mtu akiandika "Benki ya Magharibi" kwenye habari za vita, nikafunga simu.

MwanaKadutu
Aksanti sana Mwalimu, aksanti Yaya. Moja imebaki: left bank. Kushoto kwa nani? Nikiwa upande wetu wa mto Ruzizi kushoto ni kwingine, nikivuka ni kwingine.

Yaya_Ibanda
Kushoto kwa mto wenyewe. Unaangalia maji yanakoelekea. Simama kwenye daraja la Ruzizi ya kwanza, ziwa Kivu liwe mgongoni, uso uelekee Uvira. Mkono wa kuume ni Congo, wa kushoto ni Rwanda. Kwa hiyo Bukavu iko right bank, na hapo kitu hakibadiliki hata ukivuka mara mia. Rive gauche na rive droite za Kifaransa ni hivyo hivyo.

Mwalimu_Bagira
Na ukiandika habari za mitaa ya Nguba au Muhumba, hapo ni ziwa. Kiingereza kinasema shore. Bank waachie mto.

Kambiste_243
Na pawabenki yangu ya kuchajia simu imezima tangu jana, umeme wa SNEL haujarudi. Hiyo nayo ni ukingo?

Yaya_Ibanda
Hiyo ni akiba, kama ya damu. Na yako imefilisika.