Je, nifuate ramani ya gari la umeme katika safari ndefu?

Swali: Nimepanga safari ya kilomita 600 kwa gari la umeme. Ramani iliyomo garini inataka nisimame mara tatu kuchaji, kila mara nikiondoka betri ikiwa na asilimia 65 hivi, ilhali ningependelea kusimama mara moja na kuijaza kabisa. Je, niitii?

Jibu la 1: Itii. Chaja ya kasi hupeleka umeme mwingi betri ikiwa karibu tupu, kisha kasi hiyo hushuka kadiri inavyojaa, na baada ya asilimia 80 hivi utasubiri sana kwa ajili ya kilomita chache. Zaidi ya hayo, katika magari mengi ya kisasa, ukikiweka kituo cha kuchaji kwenye ramani ya gari lenyewe, betri hupashwa joto kabla hujafika ili ipokee umeme haraka.

Jibu la 2: Nakubali, ila makadirio si ahadi. Upepo wa mbele, baridi, milima na hasa mwendo kasi hula umeme. Mimi huiagiza ramani inifikishe kituoni nikiwa na akiba ya asilimia 15, na nikiona akiba inapungua, hupunguza mwendo kwanza.

Muuliza swali: Ahsanteni. Nikitaka kusimama kwingine kwa chakula?

Jibu la 1: Paongeze kwenye njia, nayo itapanga upya. Bora zaidi, kula wakati gari linachaji.