HD DVD za kava jekundu zinasomwa na deki gani? Blu-ray imezigomea

Chuma_Chakavu
Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa na wanaojua haya mambo. Shemeji yangu kapokea mzigo wa vitu used toka Uingereza, kwenye boksi moja kuna muvi za kutosha, kava zake ni za plastiki nyekundu juu zimeandikwa HD DVD. Deki ya sebuleni inazizungusha weee mwisho inasema hakuna diski, PS3 ya dogo nayo ambayo Blu-ray inasoma vizuri tu imezigomea. Nimeambiwa zote mbili ni leza ya bluu na zote picha yake ni kali, sasa mbona hazisomani? Na hizi HD DVD ziliishia wapi maana madukani naona Blu-ray tu. Nizitupe au kuna namna?

Fundi Mwinyi
Usitupe kwanza mkuu.

Leza ni ile ile kweli, nanomita 405, wakati DVD ya kawaida inatumia nyekundu ya 650. Tofauti ni data imelala wapi. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu kutoka juu ya diski, yaani ipo usoni kabisa, kwenye HD DVD iko 0.6 ndani, katikati ya plastiki kama DVD ya kawaida. Lensi ya Blu-ray imetengenezwa isome karibu, kwa hiyo ukiipa HD DVD haioni kitu. Na huko kusoma karibu ndiko kulikowapa nafasi kubwa, tabaka moja la Blu-ray ni GB 25, HD DVD ni 15. Ukiweka matabaka mawili unapata 50 kwa 30.

Ila Toshiba, wenye HD DVD yao, hawakuwa wajinga. Kwa vile HD DVD imejengwa kama DVD, viwanda vilivyokuwa vinachapa DVD vingeweza kuichapa kwa marekebisho kidogo. Blu-ray ilidai mitambo mipya, halafu data ikiwa usoni namna ile mkwaruzo mdogo tu umeua muvi, ndo maana zile za mwanzo kabisa kule Japani zilikuwa zinakaa ndani ya kasha la plastiki mpaka kampuni ya TDK walipokuja na lile koti gumu la juu.

Sasa fanya hivi, toa diski moja uiangalie. Kama upande mmoja una picha ya muvi basi hiyo ni HD DVD tupu. Kama pande zote mbili zinang'aa, angalia kale kaduara ka ndani karibu na tundu, kuna maandishi madogo sana upande mmoja HD DVD na mwingine DVD. Hizo ni za pande mbili, geuza tu deki yako itacheza ule upande wa DVD.

kijana_wa_pedi
Kilichoiua HD DVD ni PS3 tu, mengine ni hadithi. Toshiba ndio walianza, deki yao ya kwanza iliingia Marekani Aprili 2006 kwa dola 499, ile ya Blu-ray ya Samsung ikaja Juni kwa dola 999, nani angenunua hiyo? Sasa ngoja Novemba. Sony, vinara wa Blu-ray, wakatoa PS3 ikiwa na Blu-ray humo humo ndani, kwa hiyo kila mtoto aliyenunuliwa gemu nyumbani kwao kumeingia deki ya Blu-ray hata kama mzee hajui. Microsoft wao walikuwa upande wa Toshiba lakini kwenye Xbox 360 wakaiuza HD DVD pembeni kama kidude cha kuchomeka, dola 199 zaidi. Nani anaongeza 199 juu ya gemu aliyokwisha nunua? Hapo ndo mchezo uliisha, Sony walikuwa na machungu ya Betamax, mikanda yao ya video ya zamani, tangu VHS iwanyoe, safari hii walikuja wamejipanga.

Fundi Mwinyi
@kijana_wa_pedi PS3 ilisaidia sana sikatai lakini mwisho wa 2007 HD DVD ilikuwa hai bado. Novemba ile maduka ya Walmart kule Marekani waliuza deki ya Toshiba chini ya dola 100, watu walibeba. Na Agosti studio za Paramount na DreamWorks Animation walikuwa wamehamia HD DVD peke yake, magazeti ya Marekani yakaandika kwamba wamelipwa kama dola milioni 150. Universal walikuwa huko tangu mwanzo. Upande wa pili una Disney, Fox na Sony wenyewe. Katikati kabaki Warner anauza kotekote, na Warner ndiye aliyekuwa muuzaji mkubwa wa DVD kuliko wote.

Januari 4 2008 Warner akatangaza anaenda Blu-ray tu. Siku mbili kabla ya mkutano wa watu wa HD DVD na waandishi kule Las Vegas! Mkutano ukafutwa. Februari Netflix, enzi hizo wakikodisha diski kwa posta, akatoka, maduka ya elektroniki ya Best Buy wakasema watawashauri wateja wachukue Blu-ray, Walmart yule yule wa deki za bei chee naye akatoka, na tarehe 19 Toshiba wakasalimu amri. Haikufika miezi miwili toka Warner afungue mdomo. Mwenye muvi ndiye aliyeamua, gemu ilimpa sababu tu.

Binti wa Kibokoni
Mimi naishi Toronto, kwetu ni Mombasa, na niwaambie kitu nyinyi mnaoshangilia Blu-ray. HD DVD haikuwa na mambo ya kanda, unanunua popote unacheza popote. Blu-ray wameigawa dunia A, B, C. Amerika karibu yote na Japani ni A, Afrika, Ulaya na Uarabuni ni B. Nilibeba muvi za watoto kwenda nazo nyumbani likizo, dada yangu ana deki nzuri tu ya Blu-ray pale sebuleni, loo, tukaandikiwa kanda siyo sahihi, watoto wananiangalia mimi kama nimewadanganya. Kuna Blu-ray zisizo na kanda lakini mpaka ujue kusoma alama nyuma ya kava. Kwa hiyo iliyoshinda ilishinda kwa studio, kwetu sisi tunaosafiri na masanduku ilitushinda ile mbaya.

Mzee Kaseti
Binti wa Kibokoni umesema kweli tupu. Na mnajua mwaka 1995 karibu itokee hivi hivi kwenye DVD? Sony na Philips walikuwa na yao, Toshiba na Time Warner na yao, makampuni ya kompyuta wakiongozwa na IBM wakawaambia hatununui diski ya mtu mpaka mkubaliane, wakakubaliana tukapata DVD moja. Safari hii wakakaa tena 2005 Sony na Toshiba, mazungumzo yakavunjika. Kila mmoja alikuwa anaangalia hela ya hakimiliki za DVD anazokula, nani aachie?

Halafu tusijidanganye, huku kwetu vita hiyo haikufika. 2008 Kariakoo na River Road watu walikuwa kwenye VCD na zile DVD za Kichina za muvi kumi kwenye diski moja, TV yenyewe ya chogo, hiyo HD ungeionea wapi. Tukatoka hapo tukaingia kwenye flashi. Blu-ray ilikuja na PS3 na wenye hela zao, basi.

kijana_wa_pedi
Haha mzee muvi kumi kwenye moja, picha kama unaangalia kwenye ukungu.
Ila sikubali kuhusu Warner. Angeenda wapi kama si PS3 kujaa majumbani?

Chuma_Chakavu
Wakuu shukrani sana. Nimekagua boksi zima, chache zina maandishi ya DVD kwenye kaduara ka ndani na nimegeuza moja imecheza, japo deki ya chumbani imeleta longolongo ya kanda, ya sebuleni ya Kichina haijauliza kitu. Zilizobaki ni HD DVD tupu. Hizo ndo basi?

Fundi Mwinyi
DVD nazo zina kanda zake za namba, ya chumbani inataka kanda 5 ya huku kwetu na hizo ni 2 ya Ulaya, achana nayo tumia hiyo ya Kichina. Hizo tupu zinataka deki ya Toshiba yenyewe, au zile chache za LG na Samsung za 2007 zilizosoma zote mbili, au kile kidude cha Xbox 360 maana kinachomeka kwenye kompyuta kwa USB. Toshiba hawatengenezi tena, wenyewe 2009 walijiunga na chama cha Blu-ray wakaanza kuuza deki zake. Mwambie shemeji aulize waliomtumia mzigo, aliyekuwa na muvi zote hizo lazima alikuwa na deki, huenda iko kwenye boksi jingine au imebaki kule.