Naombeni ushauri: darubini fupi ya bunduki .375 kwa vichaka vya Manyoni

Mkazi wa Nala
Wakuu, habari za muda huu. Nipo Dodoma, nina Brno 602 kaliba .375, leseni ya polisi ipo hai na nawinda kwa kibali cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori) upande wa Manyoni. Siku zote nalengea vyuma vyake vya asili, ila macho yameanza kugoma: kijino cha mbele kikionekana vizuri, mnyama anakuwa ukungu.

Sitaki lidude refu. Vichaka vya kule vimefungana, tandala unamkuta hatua 40 mbele yako, na kwenye uwazi anaweza kuwa mita 150. Nimeonyeshwa darubini zile fupi za kijeshi za prizimu (zina kioo cha pembe ndani), zinakuza mara 4 tu. Mwingine anasema nichukue ya kuanzia mara 1 hadi 4. Nishike ipi?

Kijana wa Bahi
Prizimu mkuu, usihangaike. Ni ngumu, haina cha kuzungusha kubadili ukuzaji, na msalaba wa kulengea umechorwa kwenye kioo chenyewe, betri ikifa bado unalenga.

Mzee wa Itigi
Mdogo wangu wa Bahi, hayo yote ni kweli, lakini soma tena: ni .375. Chukua mfano wa Trijicon ACOG ya 4x32 (inakuza mara 4, lenzi ya mbele milimita 32), ndiyo mama wa hizo fupi. Urefu wake ni kama sentimita 15, imara kwelikweli. Ila jicho lako linatakiwa likae sentimita 4 kasoro kutoka kwenye kioo, kwa sababu ilitengenezwa Marekani kwa bunduki za kijeshi za risasi ndogo, zenye teke dogo (bunduki kukurudi begani ukipiga). Weka hiyo juu ya .375, upige ukiwa umeinama kichakani, ukingo wa kioo utakupasua nyusi.

Mkazi wa Nala, kwako wewe nafasi ya jicho ndiyo ya kwanza, ufupi baadaye. Tafuta inayokupa walau sentimita 9. Za 1-4x24 nyingi zinafika hapo, na urefu wake ni sentimita 25 na ushee, hazitakusumbua. Iache kwenye mara 1 muda wote unapotembea, macho yote mawili wazi. Nyati akichomoka karibu na darubini ipo kwenye mara 4, utaona ngozi nyeusi tupu, hujui ni bega au tumbo. Ukimwona tandala mbali, muda wa kuzungusha utakuwepo.

Fundi Chuma
Naongezea: 602 ina reli yake ya milimita 19 iliyochongwa juu ya mwili wa bunduki. Hizo prizimu za kijeshi zinakaa kwenye reli ya Picatinny (ile pana yenye meno ya kijeshi), hapo hazishiki bila kuongeza kipande kingine, na zitakaa juu sana hadi shavu linaelea. Nunua ringi (vishikio vya darubini) za reli ya Brno, za chini, na ikiwezekana za kufungua kwa mkono. Darubini ikipata mushkeli porini unaitoa, unarudi kwenye vyuma.

Mkazi wa Nala
Shukrani sana wakuu. Mzee, lenzi ya 24 haitakuwa giza alfajiri?

Mzee wa Itigi
Gawanya lenzi kwa ukuzaji: 24 kwa 4 ni 6, yaani mwanga unaokufikia una upana wa milimita 6. Jicho la mtu wa umri wetu gizani linafunguka kama milimita 5. Inatosha. Na usiku hatuwindi, ni kosa kisheria, kwa hiyo usilipie mbwembwe za gizani. Hela hiyo iweke kwenye kioo kizuri na ringi.

Kijana wa Bahi
Nimekuelewa mzee, la teke sikulifikiria.

Fundi Chuma
Ukishafunga, anzia mita 50, risasi tatu tatu, kisha nenda 100. Kwa darubini nyingi, mlio mmoja wa kitufe cha kurekebisha shabaha unasogeza risasi kama milimita 7 kwa mita 100. Baada ya risasi kumi hivi kagua skrubu zote, maana teke la .375 hulegeza. Na upige umesimama pia, mezani peke yake hutajua jicho linakaa wapi.

Mkazi wa Nala
Basi ni 1-4x24. Jumamosi napeleka bunduki kwa fundi apime reli kabla sijaagiza ringi.