Mjadala: Muuguzi anayekwenda Ujerumani ajifunze lugha kabla ya kuondoka, au huko huko?

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi, na tangu hapo tumebishana zaidi juu ya idadi ya nafasi kuliko juu ya maisha yanayomngoja atakayezipata. Zilitajwa nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha kwamba makubaliano yanataja idadi yoyote. Hilo naliacha. Ninalouliza ni hili: je, muuguzi azuiwe kuondoka mpaka ajue Kijerumani kiasi fulani, na ikiwa ndivyo, nani agharimie masomo yake?

Wapo wanaosema, na si wachache, kwamba lugha hupatikana kwa kuishi na wenyewe. Nami niliamini hivyo kabla sijafanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Bavaria. Nilikuwa na cheti cha Kijerumani, lakini bibi wa kwanza niliyekabidhiwa alizungumza Kibavaria kitupu, nikawa kama mgeni aliyefuzu Kiswahili sanifu kisha akashushwa Lamu amhudumie mzee asiyejua ila Kiamu. Ikiwa mwenye cheti hutatizika hivyo, asiye nacho ataelewaje mgonjwa anapomwonyesha maumivu yalipo, au daktari anapobadilisha kipimo cha dawa kwa simu?

Kuna na jambo la kazi yenyewe, ambalo mawakala hulipitia haraka. Kwetu muuguzi aliyesajiliwa huchoma sindano, huweka dripu na kufunga vidonda, na mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndio wanaomwogesha na kumlisha. Ujerumani, kuogesha, kulisha na kubadilisha nepi za watu wazima ni sehemu ya kazi ya muuguzi mwenyewe, tena kabla vyeti vyake havijatambuliwa rasmi hufanya kazi, na kulipwa, kama msaidizi tu. Utambuzi huo kwa kawaida hudai Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za kupimia lugha (A1, A2, B1, B2, C1 na C2), ambacho Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya kufundisha Kijerumani, hukikadiria vipindi kati ya 600 na 800 vya dakika 45. Kwa hiyo kila mwezi ambao lugha inachelewa ni mwezi mwingine wa mshahara wa msaidizi, na anayesubiri fedha nyumbani haelewi kwa nini zinazotumwa ni kidogo.

Mambo ya nje ya kazi ni madogo madogo, ila nayo huja kwa Kijerumani. Makazi husajiliwa ndani ya wiki mbili, na maduka mengi hufungwa Jumapili. Kila nyumba hutozwa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni, hata kama huna chombo chochote. Barua ya kwanza ya ada hiyo niliitupa nikidhani ni tangazo la biashara, na ya pili pia, mpaka iliyofuata ikaja na nyongeza ya kuchelewa kulipa.

Wanaopinga sharti la lugha wana hoja moja nzito: sharti hilo litawafungia mlango watoto wa maskini, kwa kuwa karo ya kozi itawalazimu wazazi kuuza shamba. Ni kweli, lakini tatizo hapo ni mlipaji, si sharti. Katika mpango wa Triple Win, ambao idara ya ajira ya Ujerumani na GIZ, shirika la Ujerumani la ushirikiano wa maendeleo, wameuendesha tangu 2013, wauguzi kutoka nchi kama Ufilipino na Tunisia wamefundishwa Kijerumani kwao hadi kiwango cha B1 kabla ya safari, na gharama zikabebwa na waajiri wanaowahitaji.

Msimamo wangu basi ni B1 nyumbani, kwa fedha za mwajiri, na B2 huko, kwa saa za masomo zinazohesabiwa kuwa saa za kazi. Anayeona kwamba waajiri wa Ujerumani hawatakubali kumlipia Mkenya kile walichomlipia Mfilipino, naomba atueleze sababu. Na aliyekwenda bila lugha na akafaulu, atuambie ilimchukua muda gani kutambuliwa, na katika muda huo alilipwa kama nani.