Naomba ushauri: uvimbe kwenye ateri ya shingo

Habari zenu wakuu. Dada yangu ana uvimbe chini ya taya. Unadunda, na ukiusukuma unakwenda kushoto na kulia ila haupandi wala haushuki. CT ya mishipa imeonyesha paraganglioma (uvimbe unaotokana na seli za mfumo wa neva) pale ateri ya karotidi, yaani ateri kubwa ya shingo, inapogawanyika, Shamblin daraja la 2 (kipimo cha jinsi uvimbe ulivyoshikana na ateri, daraja 1 hadi 3), sentimita 4. Kuchukua kinyama kwa sindano walikataa wakihofia damu nyingi (nashukuru). Vipimo vya homoni viko sawa.

Daktari mmoja anataka kwanza kuziba mishipa inayoulisha uvimbe, mwingine anasema apasuliwe moja kwa moja. Sisi tunahofia zaidi neva za sauti na ulimi.

Wataalamu na mliopitia hili: kwa ukubwa huo, kuziba kwanza kunasaidia kweli? Na ndugu tupimwe jeni za SDH (zikiwa na hitilafu ya kurithi huweza kuleta uvimbe huu)?